Tamasha zuri, mlango mbovu: nyota moja, au mbili, ngoja kwanza

Nianze na nyota ili asiye na muda aende zake: moja. Nyota moja kati ya tano. Mwenye muda abaki, maana sentensi hiyo nimeiandika na hasira bado iko kooni, na mimi najijua, hasira yangu haipoi kwa njia iliyonyooka.

Lilikuwa tamasha la sanaa la watu wetu. Makuchu, mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia, wasiojiita chochote, na wanaowapenda wote hao. Lilifanyika juzijuzi hivi, mwisho wa wiki, kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi. Jina silitaji. Walioliandaa nawafahamu kwa sura, wengine wapole kunishinda, na sikuja kumharibia mtu kazi. Nimekuja kusema habari ya mlango.

Nilijisajili mtandaoni mapema sana. Fomu iliuliza jina, nikaandika jina langu. Nasema jina langu, lile ninaloitwa na rafiki zangu, ninaloliitikia hata nikiwa usingizini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wanataka la kwenye kitambulisho. Ningeona maneno hayo ningefunga simu nikalala.

Siku yenyewe nikafika na mfuko wangu, ndani ya mfuko kitambaa. Kitambaa nitakirudia. Foleni ilikuwa fupi na watu wamependeza mpaka kero. Aliyekuwa mbele yangu alijipaka vumbi la dhahabu mabegani, na kila akicheka lilinimwagikia mkononi. Nikajisemea moyoni, hapa ni nyumbani. Jamani! Nilijisemea hivyo kweli.

Mlangoni kijana, beji shingoni, kishikwambi mkononi. Nikataja jina. Akatafuta, akaliona, nililiona na mimi, limekaa pale mstari wa nne kutoka juu. "Kitambulisho." Nikamwonyesha tiketi kwenye simu. "Kitambulisho, ndugu." Nikatoa nikampa, nikidhani anataka kulinganisha picha.

Akasoma. Kwa sauti. Majina yote matatu, moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Halafu akanitazama, akatazama kishikwambi, akasema, "Huyu hayumo humu. Aliyemo ni mtu mwingine."

Ambaye hayajamkuta sijui nimweleze vipi. Jina lile la kwanza sijalisikia likitamkwa mbele za watu kwa miaka. Nimelihama. Lipo kwa sababu karatasi za serikali haziendi kasi ya maisha ya mtu, basi. Na sasa limesomwa mahali ambapo nilivaa vizuri kwa kuamini kwamba halitanifuata. Mwenye dhahabu mabegani aligeuka. Wengine kwenye foleni wakafanya heshima ya watu waungwana, wakainamia simu zao. Heshima hiyo iliniuma kuliko kijana mwenyewe.

Nikamwambia polepole kwamba hao wote wawili ni mimi. Akasema utaratibu ni utaratibu, ni kwa usalama wetu. Nikamuuliza usalama wetu sisi kina nani, kama mimi hata kwenye orodha simo. Akaniambia nisimame pembeni.

Nitende haki hapa. Ulinzi si upuuzi. Mikusanyiko yetu inavamiwa, watu huingia na kamera kwa nia mbaya, picha moja ikisambaa mtu anafukuzwa kazi au kwao. Kwa hiyo kuulizwa kitambulisho sikatai. Lakini kitambulisho husomwa kwa macho. Mdomo unaingiaje?

Nilisimama pembeni muda ambao sikuuhesabu, na nikiwa na hasira akili yangu hukimbilia historia. Mnaikumbuka Stonewall, ile baa ya watu wetu New York? Mlango ulikuwa na tundu la kuchungulia, mlinzi anakukagua kwanza. Ukipita unaandika jina kwenye daftari, na karibu kila mtu aliandika la uongo. Baa yenyewe ilikuwa mikononi mwa Mafia, pombe imechakachuliwa, nyuma ya kaunta hata maji ya bomba hakuna. Yaani pango. Na bado lile daftari la pango lilimruhusu mtu ajiite atakavyo! Usiku wa kuamkia 28 Juni 1969 polisi walipovamia, waliwapanga watu mstari na kuwadai vitambulisho, na baadhi yao wakakataa kutoa. Yaliyofuata, watu kupambana na polisi, yanasherehekewa kila Juni mpaka leo. Nikamtazama yule kijana na kishikwambi chake, chenye stika ya upinde wa mvua mgongoni, nikataka kumuuliza kama anajua tunasherehekea nini hasa. Sikumuuliza. Nilikuwa nimebeba kitambaa na nilitaka kuingia.

Mwishowe akatokea mkubwa wake, akaangalia simu yangu, akasema "huyu aingie," bila samahani wala pole. Na hapa sasa ndipo kichekesho. Kijana yuleyule, kwa uso mkunjufu kabisa, akanipa stika nyeupe na kalamu: niandike jina ninalopenda kuitwa, na kiwakilishi changu, yaani neno la kunitaja nisipokuwepo.

Baada ya kunisomea kitambulisho mbele ya foleni nzima!

Stika naielewa, imewaokoa wengi na aibu za kubahatishwa. Lakini ilitungwa na watu wa Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida haimtaji mtu asiyekuwepo bila kwanza kumpangia jinsia. Sisi tuna "yeye". Yeye mama, yeye baba, yeye mwenye dhahabu mabegani. Msomaji umefika mpaka hapa na bado hujui kama mimi ni mwanamke, mwanamume, au sina habari na vyote viwili, na Kiswahili hakijakudai ujue. Nikaandika jina langu, chini yake nikaandika "yeye". Kijana akasoma (huyu kusoma anakupenda), akauliza, "Yeye yupi?"

Nikacheka. Ya kwanza siku hiyo. Nikabandika stika, nikaingia.

Ndani, nikiri, kulikuwa kuzuri. Nakiri kwa shingo upande. Walitundika bendera ndefu ya upinde wa mvua, bendera yetu, yenye milia minane, na mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba wamekosea, mbona huwa ni sita. Hawakukosea. Ile ya kwanza aliyoibuni msanii Gilbert Baker San Francisco mwaka 1978 ilikuwa na milia minane. Pinki ilitolewa kwa sababu kitambaa cha rangi hiyo hakikupatikana cha kutosha, baadaye feruzi nayo ikaondoka. Pinki ilishindwa na duka la vitambaa, na si siasa. Ningemweleza yule mtu, ila nilikuwa bado nimenuna.

Jukwaani kulikuwa na kundi la dansi ile ya kupiga pozi, voguing, mikono inakatika kama mikasi, mtu anaanguka chali na muziki unaanguka naye. Kati ya dansi mmoja alishika maiki akasimulia habari za Crystal LaBeija, msanii mweusi wa drag (sanaa ya kuigiza jinsia kwa mavazi), aliyewaka mbele ya kamera kwenye mashindano ya urembo ya mwaka 1967 New York, akisema waamuzi wameshapanga mshindi na mweusi hana chake pale. Baadaye akaanzisha nyumba yake, yaani familia ya kujichagulia, akawa mama wa nyumba hiyo, na waliofukuzwa kwao wakapata pa kuitwa wana. Watu wakashangilia. Mimi mikono nilikuwa nimeifunga kifuani, lakini kwa mama huyu nikaifungua. Mtu aliyeonewa mbele ya hadhira na hakumeza, huyo ni ndugu yangu.

Halafu akapanda mshairi mmoja na shairi zima juu ya neno "shoga". Kwamba mwanamke akimwita mwenzake "shoga yangu" ni mapenzi tupu, na neno hilohilo likirushwa barabarani ni jiwe. Alilitamka mara nyingi mno, kila mara kwa sauti nyingine, mpaka ukashindwa kujua linakuja kukumbatia au kupiga. Nadhani alizidisha kidogo mwishoni. Hata hivyo ile katikati yake sijaisahau.

Sasa kitambaa.

Kwenye kona ya ghala walitandika meza ndefu ya kushona. Kila mtu alete kipande kwa ajili ya mtu aliyemkosa, vipande viunganishwe liwe pazia. Wazo lenyewe si geni. Limetoka kwenye lile blanketi la viraka la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington mwezi Oktoba 1987 likiwa na vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, karibu ukubwa wa kaburi. Vipo vipande vyenye jina moja tu, bila ukoo. Nilipoyajua hayo mara ya kwanza nilikaa kimya siku nzima.

Changu kilikuwa kidogo, ukubwa wa foronya, pinki kali ya kuumiza macho kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyopenda. Mwenzangu huyo tulimzika na jina ambalo hakuna rafiki yake hata mmoja aliyekuwa akimwita. Padri alilisoma, ndugu wakaitikia, sisi tulisimama nyuma tukitazamana kama tumekosea msiba.

Nilipofika mezani muda wa kushona ulikuwa umekwisha. Saa ile niliyosimamishwa pembeni, ndiyo iliyokwisha. Cherehani zimefunikwa, msimamizi anakunja nyaya. Nikasimama na mfuko wangu kama mtu aliyeachwa na gari. Hapo ndipo nyota ile moja ilipozaliwa, kama mlidhani ni mlangoni.

Mwisho wa meza alikuwa amebaki bibi mmoja, miwani imefungwa kwa uzi, anamalizia pindo kwa mkono. Hakuniuliza nimetoka wapi wala stika yangu hakuitazama. Alinyoosha mkono tu, "Lete, mwanangu." Akakikunjua kile kitambaa, akakipitisha kiganja kama anayekanda mtoto mgongo. Akatunga uzi mweupe. Nilikuwa nimechora jina kwa penseli hafifu, na chini yake, kwa woga wa ndugu zake kuona siku moja, nikachora na lile jingine. Akaona yote mawili. Akainama mpaka kichwa chake kikagusa changu, akauliza kwa sauti ambayo hata aliyekuwa akikunja nyaya hakuisikia:

"Lipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua kifutio, akafuta lile la chini, akapuliza unga wake, akaanza kudarizi. Herufi ya kwanza ilimchukua muda, vidole vinatetemeka kidogo. Ya pili akaniachia sindano. Mimi kudarizi sijui, ya kwangu imepinda kama mguu wa panzi, na ameiacha hivyohivyo. Kijana wa nyaya alituzimia taa za upande ule mara mbili. Bibi hakuinua kichwa.

Basi nikasema nyota nne. Nilipotoka pale, pinki imeunganishwa kwenye pazia, ningetoa hata tano. Nikapita mlangoni, kijana akaniaga kwa jina la kwenye stika, na vizuri tu. Nikafikiri labda ni mgeni wa kazi, labda amechoka, labda alifundishwa hivyo asubuhi ileile na mtu ambaye kitambulisho chake hakijawahi kumsaliti. Nikashuka mpaka tatu, maana kama alifundishwa, basi kosa si lake, ni lao.

Baadaye nikaulizia jina la yule bibi nimtumie shukrani. Waandaaji hawamjui. Si wa kwao, hakupangwa mezani, alikuja kama mgeni na sindano yake mwenyewe kwenye mkoba. Kwa hiyo zile nyota za bibi siwezi kuwapa wao. Mbili. Moja ya wacheza dansi, moja ya aliyejua kwamba bendera ni milia minane.

Mwakani nitaenda? Nitaenda, nisiwadanganye. Pazia liko kwao.

Jana wamenitumia ujumbe wakiomba maoni. Fomu fupi, safi, upinde wa mvua juu. Swali la kwanza lina ile nyota nyekundu ya lazima: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Nikaandika: Yeye.