Sanduku la kikoba la kufuli tatu: tumelitumia Ujiji, haya ndo maoni yangu

Wadau mnaouliza mnunue sanduku la chuma au mhamie kikoba cha simu, sisi tumetumia vyote viwili kwa hiyo ngoja niseme ninayoyajua, maana naona watu wanashauri vitu ambavyo hawajawahi hata kuvishika. Kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kiko Ujiji, Kigoma, hatufiki thelathini, wengi ni kina mama wa dagaa na mawese, kuna wa vitenge, kuna mafundi cherehani, na wanaume wachache ambao mahudhurio yao hupanda ghafla ikikaribia siku ya kuvunja kikoba na kugawana hela (mnajijua).

Nianze na bidhaa yenyewe. Hatukununua dukani, tulitengenezesha kwa fundi welding Mwanga, hapahapa Kigoma. Bati gumu sio lile la kuezekea, rangi ya bluu, mikono ya kubebea pande zote mbili, bawaba zimechomelewa kwa ndani, mbele sehemu tatu za kupitishia kufuli. Elfu sabini bila kufuli. Kazi ya kuchomelea ni safi, nimeligeuza juu chini sijaona tundu. Ila rangi imeanza kubanduka mapema sana, kona hazikusagwa vizuri zimeshachana kanga ya mtu, na uzito wake aisee, likiwa tupu tu watu wawili wanalibeba wanapumzika njiani. Afu alituzungusha, leo umeme hakuna, kesho bati halijafika, ile lugha yao ya njoo jumamosi mnaijua. Nampa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya kona.

Kufuli nunueni wenyewe na msinunue tatu za aina moja kwenye boksi moja, zile za bei chee funguo zao zinafanana, unaweza kukuta ufunguo wa mama huyu unafungua na kufuli ya yule, hapo mmeshapoteza maana yote ya kuwa na kufuli tatu. Ndani tunaweka vitabu vya wanachama, muhuri wa kugonga hisa kitabuni na pedi ya wino, kikokotoo, mabakuli mawili ya plastiki ya kuhesabia hela, na vifuko viwili vya kitambaa, cha hisa na mikopo mbali, cha mfuko wa jamii (ile hela ya kusaidia mwenye shida) mbali. Vitabu vifungeni kwenye nailoni kwanza. Mama wa mawese akishika kitabu mara tatu tu ukurasa unang'aa, muhuri haushiki tena.

Utaratibu wenyewe wengi mnaujua. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu ambao sio viongozi, sanduku linakaa kwa mtu wa nne, hakuna anayeweza kufungua peke yake awe mwenyekiti awe nani. Mfumo huu haujabuniwa kwetu, shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika mpaka ukafika huku mwisho wa reli. Kwa hiyo unapoona wamama wamekaa chini ya mwembe wanagonga mihuri (na Ujiji mwembe wa kukalia haujawahi kuwa shida) jua kuna wenzao Niger wanafanya hivohivo.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Kila mtu akiliona anasema kufuli tatu ni za mwizi. Mwizi gani huyo, mwizi akiamua anabeba sanduku zima anaenda kulikata na grainda kwake. Mi nilichokiona kwa macho yangu, zile kufuli zinawaleta watu. Mwenye ufunguo asipotokea hakuna hisa, hakuna mkopo, hakuna rejesho, watu wote mmekaa mnatazamana. Basi anatumwa mtu nyumbani kwake. Kuna siku tulimngoja mama mmoja tukiwa tumekasirika kabisa, mtunza nidhamu ameshaandaa faini yake na maneno ya kumpa, kumbe aliyetumwa anamkuta kalala na mtoto anaharisha tangu usiku, hana hata wa kumtuma dukani. Mkutano ukahamia kwake siku hiyohiyo, ufunguo ukatoka chini ya mto, mfuko wa jamii ukafunguliwa hapohapo uani. Ingekuwa ni kutuma hela tu kwa simu angetuma zake akakaa kimya, nani angejua.

Kitu kingine kinachoonekana cha kizamani ila mi nakipenda kuliko vyote ni kukariri salio. Kabla ya kufunga sanduku hela zinahesabiwa kwa sauti, bakuli hadi bakuli, halafu kila mtu anaambiwa ashike kichwani kilichobaki. Mkutano unaofuata kabla hata kufuli hazijaguswa mwenyekiti anamnyooshea mtu kidole, haya namba tisa, mfuko wa jamii ulibaki na shingapi? Bibi yetu mmoja hajui kusoma wala kuandika, na hajawahi kukosea hata mia mbili. Katibu mwenye daftari anamuuliza yeye. Nimekaa kwenye vikundi ambavyo hesabu anaijua mweka hazina peke yake, na humo wanachama wanajiita wageni wa hela zao wenyewe.

Faini nazo. Kuchelewa, simu kuita, kuongea bila kuruhusiwa, kusahau kitabu. Ni hela ndogo, mia tano, elfu moja, lakini kelele yake kubwa, mtu akipigwa faini watu wanacheka mpaka wapita njia wanasimama. Kuna shangazi yetu huwa anakuja na mia tano yake ya faini ameishika mkononi kabisa, maana anajua hawezi kunyamaza.

Haya tuje kwenye simu. Jina la huduma sitaji maana sina nia ya kumharibia mtu biashara, ni ile ya kikundi kuwa na akaunti moja, mnachangia kwa simu zenu, kila mtu anapata meseji hela ikiingia, na ikitaka kutoka lazima viongozi kadhaa waidhinishe kwa namba zao za siri. Kwa upande wa usalama sina neno, hela haikai ndani kwa mtu, na hilo sio dogo, mtunza sanduku wetu alikuwa hapati usingizi kikisogea kipindi cha kugawana hela, na mume wake ndo kabisa. Walioko Kasulu au Uvinza kibiashara wanachangia hukohuko. Mahesabu hayabishaniwi. Makato yapo, hayaumizi kama watu wanavyosema ila yakijumlishwa mwaka mzima utayaona.

Na nikwambie ukweli tulipohamia huko kabisa, hela zilikuwa zinaingia kwa wakati kuliko kipindi cha sanduku. Kwenye hela kikundi kilikuwa kizuri sana. Mikutano ikawa mara moja moja, afu ikawa tutaonana tu, afu hatukuonana.

Tatizo lilikuja kwenye mikopo. Kwenye sanduku mtu akitaka mkopo anasimama mbele ya wenzake anasema naomba kiasi hiki, nataka kununua dagaa Kibirizi nipeleke Tabora, na watu wanamuuliza maswali, utauza kwa nani, ule wa kwanza ulimaliza lini, mbona juzi ulisema unajenga choo. Yanachosha yale maswali, wengine wanatoka machozi. Lakini akishapewa watu wote wanajua hela yao imeenda wapi, wanamwona anaanika, wanamuuliza njiani mzigo umeendaje, na mzigo ukinyeshewa wanajua kabla hajaja kujieleza. Kwenye simu ombi linakuja kama meseji, jina na kiasi, basi. Viongozi wakawa hawaidhinishi. Sio kwamba mfumo mbovu, mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri tu, ila huyu mtu mara ya mwisho umemwona lini, anaendeleaje, biashara bado anayo? Hakuna anayejua. Hela ikawa imejaa kwenye akaunti na watu wanaenda kukopa kwa wale jamaa wa riba za kila siku mtaani, wakati hela yao wenyewe imelala. Hapo ndo wazee wa kikundi wakasema sanduku lirudi.

Lilirudi kabla ziwa halijafungwa, na nashukuru. Mliokuwa huku mnakumbuka 2024, Ziwa Tanganyika lilisimamishwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, makubaliano ya nchi zote nne za ziwa hili. Sisi tumezoea hela kukata kila mwezi, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki kwa sababu dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo hata hisa tunajua kuna wiki za hisa tano na wiki za hisa moja. Lakini miezi mitatu mfululizo ni habari nyingine. Kina mama wa dagaa wakaomba marejesho yasimame na hisa ishuke hadi moja bila faini. Watu wa vitenge na cherehani wakakataa, wakasema katiba ni katiba, na sisi biashara zetu zikilala mtatusimamishia? Palichimbika. Mikutano ikaisha bila muafaka, mmoja akasema anatoa hisa zake anaondoka, kitabu kikarushwa. Mwishowe aliyelimaliza ni fundi cherehani mmoja mkali kuliko wote, akasema tangu ziwa lifungwe mi mwenyewe sijashona gauni hata moja, anayeshonesha ni nani kama sio hawa. Wakakubaliana marejesho yasimame, riba isiongezeke, na kwenye mfuko wa jamii kila mwenye kipato aongeze kidogo. (Wapo wenzetu ambao riba hawaitaki kabisa kwa ajili ya dini, wao tunakata ada ya kitabu tu, nalo lilikuwa na vita yake ila tusifike huko.)

Kikoba cha simu kingefanyaje hapo? Kingetuma meseji ya kukumbusha rejesho, na ya pili, na ya faini. Meseji haina kosa, imeambiwa tarehe na imefika tarehe.

Kuna jamaa aliniambia shida yetu ni ushamba, siku hizi watu wanaungana kwa kitu wanachokipenda wote na umbali sio tatizo. Labda kwa washabiki wa mpira. Kwenye hela mi naona mtu anajisikia ni wa kikundi pale ambapo asipokuja kuna kitu kinakwama, na pale ambapo anaweza kugombana na watu leo na wiki ijayo akawakuta palepale. Angalieni vikundi vinavyoanzishwa chapchap kwa ajili ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mpango mzuri, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na uliporudi tu mtaani kila mtu akawa anatafuta majina ya kujaza fomu. Watu wanakutana siku ya kupiga picha ya pamoja na siku ya kusaini. Hela ikitoka wanagawana kila mtu kivyake, ikifika kulipa hawajui hata mwenzao anakaa nyumba ipi. Hao uwape sanduku la dhahabu halitawasaidia.

Kusajili msiache lakini, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama vyetu viko daraja la nne la watoa huduma hizo na usajili unapitia halmashauri, ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza, mnahitaji katiba na majina ya viongozi. Katiba andikeni wenyewe, ile ya kunakili kwa jirani utakuta ina faini za vitu ambavyo kwenu havipo.

Saivi sisi tunatumia vyote. Mkutano ni wa sanduku, hisa na maswali na mabakuli kama kawaida, afu hela iliyobaki baada ya mikopo inaingizwa kwenye akaunti ya simu hapohapo mbele ya watu, sanduku linarudi na vitabu na hela ndogo ya jamii kwa dharura za usiku. Mtunza sanduku analala. Walio mbali wanachangia kwa simu, ila anayetaka mkopo lazima aje asimame, hata kama anatoka Uvinza. Wengine wananiuliza sasa kama hela haimo kuna haja gani ya kubeba lile dude na kufuli tatu kwa ajili ya vitabu na muhuri, na mi nawajibu jaribuni kuliacha muone nani atakuja.

Kama mnaenda kutengenezesha, mwambieni fundi asage kona kabla ya kupaka rangi, apake rangi ya kuzuia kutu kwanza, na mpeni nusu ya hela tu mpaka mlione. Bati jepesi kidogo linatosha kama hela hamlazi humo. Na funguo msiwape watu wa nyumba moja, hata kama ni mkwe na mkwe wanaoheshimiana, maana siku wakialikwa wote harusi Kasulu mmekwama mpaka warudi.