Nimesajili gari kwa jina langu Uganda bila kuwa na nyumba: uzoefu wangu

Gari limeingia kwa jina langu, na nyumba bado sina. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa barabarani: wachuuzi wa minadani, mafundi wanaofuata kazi wilaya kwa wilaya, yeyote asiyelala mahali pamoja. Tukikutana, swali ni lilelile: utaandika anwani gani? Wengi hukwama hapo wakaendesha miaka kwa logbuku, yaani kadi ya umiliki wa gari, ya mtu mwingine. Mimi nasema inawezekana, kihalali, bila hongo na bila kudanganya. Utaratibu wenyewe ni mzuri kuliko sifa zake. Kinachouharibu ni baadhi ya watu wa kaunta.

Nauza vitenge na masufuria. Natoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lakini kabla mwezi haujaisha nimeshapita Koboko, Nebbi, Pakwach mpaka Gulu, na usiku nalala ndani ya gari. Ni HiAce, ile ya umbo jipya ambayo Kampala wanaiita drone. Nilinunua hapahapa kwa mwenye teksi, yaani basi dogo la abiria. Ukitaka kuagiza kutoka Japani, jua kwamba tangu sheria ya 2018 gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini, na lenye umri mkubwa linabebeshwa ushuru wa mazingira.

Kwanza TIN, yaani namba ya mlipakodi. Bila hiyo huwezi kuhamishiwa gari, na muuzaji naye lazima awe nayo. Ukiwa na kitambulisho cha taifa unaiomba mwenyewe kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, kwa simu, ukitumia NIN yako, ile namba ya kitambulisho. Sehemu hiyo naisifu kabisa, ni rahisi. Ila fomu inataka makazi: wilaya, kaunti, sabukaunti, parishi, kijiji. Ushauri wangu: andika mahali watu wanapokujua, hata kama kitanda chako hakipo hapo. Mimi niliandika kijiji cha shangazi, nilikolelewa, ninakorudi kwenye misiba na sikukuu. Kuna wanaoazima anwani ya rafiki wa Kampala kwa sababu wanadhani mji mkuu una uzito. Hauna. Siku mtu akiuliza huko kijijini kama unajulikana na jibu likawa hapana, utakuwa umejifunga mwenyewe.

Pili, na hapa ndipo kazi yote ilipo, barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, ya kuthibitisha makazi yako. Mwenyekiti wa LC1 wa kijiji alichaguliwa 2018 kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, kila mmoja akionekana. Mtu aliyepata kiti namna hiyo anawajua watu wake kwa sura na kwa ukoo, hahitaji kuona mkataba wa pango. Nilimwendea jioni, baada ya shughuli zake, nikamsalimia, nikamweleza ukweli wote.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nafanya biashara ya kuzunguka, silali hapa, lakini hapa ndipo kwetu."

Akanijibu, "Mwanangu, nani asiyejua hivyo?" Kisha akaandika.

Alitaka kuandika tu kwamba mimi ni mkazi. Nikamwomba aongeze sentensi moja: kwamba nafanya biashara ya kusafiri na napatikana kupitia shangazi yangu, pamoja na namba zetu mbili za simu. Akaongeza, akagonga muhuri juu ya sahihi yake, wino ukagusa jina langu na picha niliyobandika pembeni. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniokoa baadaye. Barua inayosema "mkazi" peke yake inakuachia wewe mzigo wa kueleza kwa nini hukuonekana nyumbani. Barua inayosema kazi yako imeshajibu kabla hujaulizwa.

Maana nilipopeleka nyaraka, katika ofisi moja nilikutana na karani aliyetaka risiti ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, au mkataba wa nyumba. Nikamuuliza kwa adabu ni kifungu gani kinachodai hivyo. Hakunionyesha. Aliirudisha barua bila kuisoma, akaita aliyekuwa nyuma yangu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyesikia hayo akatoka zake kimya. Mimi nilibaki, nikaomba kuonana na mkubwa wake. Dada mmoja akaisoma barua mpaka mwisho, akalinganisha namba za simu na zile za kwenye TIN, akasema inatosha. Nyaraka zilezile, meza mbili tofauti.

Jueni pia kwamba usajili wa magari ulihamishwa kutoka URA kwenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. URA wamebaki na kodi. Usipoteze nauli kwenda Nakawa, makao makuu ya URA, kuulizia logbuku.

Gari langu lilikuwa bado na miraba ya bluu ya teksi ubavuni. Nililipaka rangi upya na kuomba matumizi yabadilishwe kuwa ya binafsi, kwa hiyo lilikaguliwa. Afande aliinua kiti cha mbele, maana injini ya HiAce iko chini yake, akafuta vumbi jekundu kwa kidole mpaka namba ikasomeka, akailinganisha na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Alikuwa makini, hakuomba kitu. Malipo yalikuwa kwa namba ya malipo, ile PRN, nikalipa kwa simu. Broka waliokuwa nje walikuwa wananiahidi "kumaliza kila kitu" nikiwaachia kitambulisho changu. Usimwachie mtu kitambulisho chako. Nenda na muuzaji mwenyewe, ana kwa ana.

Na kwa nini usiendelee tu na logbuku ya mwenye gari wa zamani? Kwa sababu nchi inakwenda kwenye vibao vya namba vya kidijitali, vilivyoanza Novemba 2023 kwa magari ya serikali, na faini zinamfuata aliyeandikwa. Juni 2025 faini za kamera zilianza kutumwa kwa wenye magari. Watu walilalamika zikasimamishwa mwezi uleule, lakini mwelekeo unaonekana. Mpakani nako, ukitaka kuvuka Vurra kwenda upande wa Aru, Kongo, utaulizwa jina la kwenye logbuku, na kama si lako utatakiwa barua ya mwenye gari. Mimi sasa naonyesha jina langu tu, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mipaka. Bima ya thadi pati, ile ya kufidia watu wengine, ni lazima hata usipovuka.

Jambo moja zaidi kwa wasio na mlango wa kugongwa: laini ya simu uliyoiandika kwenye TIN ndiyo mlango wako. Isajili kwa NIN yako mwenyewe, iwekee pesa kidogo hata ukiwa vijijini, isifungwe kwa kutotumika. Ujumbe wa kwamba logbuku yangu iko tayari ulinikuta Pakwach, kabla sijavuka daraja, nikageuza gari siku hiyohiyo.