Dau kwa ajili ya dau: nilivyoshindana na mnunuzi hewa

Nyota mbili kati ya tano kwa tovuti ya mnada niliyonunulia stempu, na hizo mbili nawapa kwa sababu ya bahasha. Stempu ilifika Posta ya hapa Mwanza ikiwa imebanwa vizuri kati ya makaratasi magumu, haina hata kovu, na ni ile ile ya kwenye picha. Kwa upande huo sina neno. Neno langu liko kwenye bei, na namna ilivyofika ilipofika.

Jina la tovuti sitalitaja. Ni mnada wa nje, wa stempu na sarafu za zamani, nimenunua huko kwa miaka mitatu. Nilichokuwa nakitafuta ni stempu ya senti 5 ya mwaka 1935, ya Kenya, Uganda na Tanganyika: kichwa cha Mfalme George V, na chini yake dau linakata maji kwenye Ziwa Victoria. Sisi tuliozaliwa Kirumba stempu hiyo tunaiona kama picha ya nyumbani. Ziko za aina mbili. Kwenye moja, kamba ya upande wa kushoto haijagusa tanga. Kwenye nyingine imegusa. Hiyo ya pili ndiyo ngumu kupatikana, na bila kioo cha kukuzia unaweza kuipita ukadhani ni ya kawaida. Ndiyo, nilipandisha dau ili nipate dau. Mke wangu alishacheka sana, msirudie.

Kwa asiyejua mnada huu unavyokwenda: huandiki bei ya sasa, unaandika kikomo chako, nacho kinafichwa. Akija mtu mwingine, mtambo unakupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita tu. Ukiweka 35 na mwenzako akaishia 12, unalipa 12 na kidogo juu yake. Maelezo yao yanasema weka kikomo chako cha kweli, kisha kalale. Nami nikaweka pauni 35, bei ikiwa pauni 6, nikalala.

Siku ya mwisho, saa nne usiku, ikiwa imebaki kama saa moja, nikafungua simu kuangalia. Mtu anapanda. 8. 10. 12. 14. Kila baada ya sekunde chache anaongeza mbili, na kila mara mtambo unamzidi kwa niaba yangu. Alikuwa kama mvuvi anayepima kina kwa upondo. Akafika 34, akaongeza 36, na hapo ndipo upondo ukagusa chini: kikomo changu kimepitwa, sasa anakijua. Dakika mbili baadaye akalifuta dau hilo la 36 kwa sababu eti "alikosea kuandika". La 34 likabaki. Nikarudi kuwa mshindi, kwa pauni 35 kamili, hakuna hata senti iliyosalia kwenye kikomo changu.

Kesho yake nikamsimulia binamu yangu, anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Hakumaliza hata kunisikiliza. "Kaka, ulikuwa unashindana na mwenye mali." Akanikumbusha mabasi pale stendi: unapanda ukiona watu wamejaa, ukishalipa nauli wanateremka mmoja mmoja, kumbe ni vijana wa wapiga debe. Mwaloni angalau anayetaja bei unamwona uso, na akishinda lazima aondoke na mzigo. Kwangu, badala ya jina, kulikuwa na herufi moja, alama tatu za nyota na namba.

Nikaanza kumchunguza huyo wa nyota tatu. Tovuti inaonyesha shughuli za kila mpandaji kwa siku 30, na hilo nawapongeza, ingawa limefichwa ndani kabisa. Asilimia 94 ya madau yake yalikuwa kwa muuzaji yule yule. Amepanda kwenye vitu vingi, amefuta madau mara tisa, na hakuna alichonunua. Huo si ushahidi wa mahakamani, najua. Lakini mtu anayependa duka moja kiasi hicho bila kununua hata kiberiti, mimi namwita mnunuzi hewa.

Mara ya pili ilikuwa sarafu ya heller 20 (fedha ya enzi ya Wajerumani) ya Tabora, zile zilizogongwa mwaka 1916 Wajerumani walipoishiwa sarafu katikati ya vita. Hapo nilipitwa, nikashukuru Mungu. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe: mshindi hakulipa, je, ungependa kuichukua kwa kikomo chako? Nikajibu nitaichukua kwa bei iliyokuwepo kabla ya huyo "mshindi" kuingia. Kimya hadi leo.

Nililalamika kwa tovuti nikiambatanisha picha za skrini. Jibu likaja siku ya nne: wanapiga marufuku kupandisha bei kwa hila, wamepokea taarifa, hawawezi kunieleza hatua watakayochukua. Muuzaji asiyetaka kuuza chini ya bei fulani anaruhusiwa kuiweka wazi tangu mwanzo. Kwa nini atume mtu? Huko Marekani mambo haya yamefika mahakamani: William Mastro, aliyekuwa bwana mkubwa wa minada ya kadi za michezo, alikiri kosa Chicago mwaka 2013, madau ya uongo yakiwemo, na mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela. Mteja wa Mwanza mwenye stempu ya pauni 35 hana wakili wa kumpeleka huko.

Bado nanunua, ila kikomo siwapi tena mapema. Naandika bei yangu kwenye karatasi, nasubiri sekunde kumi za mwisho, napanda mara moja. Nimeshakosa vitu viwili kwa sababu mtandao ulikatika na kimoja kwa sababu ya umeme.

Jumapili iliyopita nikachungulia tena. Ile heller ya Tabora imerudishwa mnadani, picha ile ile, na huyo wa nyota tatu ameshapanda mara nne.