The Apartment (1960): uzoefu wangu na kichekesho cha cheo, ufunguo na michepuko ya ofisini

Filamu hii ya Billy Wilder haina rangi na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu, lakini bado sijaona kichekesho kinachoyajua maisha ya ofisini kuishinda. Nimeiangalia tena juzi, na nimeona niiandikie, maana watu wengi huipita kwa sababu tu ni ya zamani.

C.C. Baxter, anayeigizwa na Jack Lemmon, ni karani wa kampuni kubwa ya bima jijini New York. Mwanzoni kabisa anatutajia mwenyewe kwamba kampuni ina wafanyakazi 31,259, kwamba meza yake ni namba 861 kwenye ghorofa ya 19, na kwamba analipwa dola 94.70 kwa wiki. Amepanga nyumba karibu na Central Park, kodi dola 85 kwa mwezi. Mabosi wanne wenye wake zao wameigeuza nyumba hiyo gesti. Wanaazima ufunguo wake, wanaleta michepuko yao, Baxter anazurura nje mpaka wamalize, na malipo yake ni kuandikiwa ripoti nzuri za kumpandisha cheo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na huyu anainama mpaka anakosa pa kulala.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi Wilder anavyokuonyesha kuinama huko kama kazi ya kweli, yenye ratiba yake na uchovu wake. Usiku mmoja bosi anapiga simu kutoka baa: amempata mwanamke, anaitaka nyumba sasa hivi. Baxter ameshapanda kitandani na dawa ya usingizi ameshameza. Anavaa, anatoka, anaishia kwenye benchi la bustani kwenye baridi. Siku ya pili mafua yamembana, anataka alale mapema, lakini nyumba ina mtu wake jioni hiyo. Basi anakaa mezani na kalenda na kipimajoto, anapiga simu idara hadi idara kuwaomba wakubwa wabadilishane zamu. Huyu hawezi mpaka yule akubali kusogea, naye yule ana sababu zake. Hapo nilicheka sana, na wakati huohuo nilimwonea huruma, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayejali kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa.

Halafu anaingia Fran Kubelik, mwendesha lifti wa jengo hilo, na hapa Shirley MacLaine ananimaliza kabisa. Fran alitaka kazi ya kupiga chapa, ila mtihani ulimshinda kwa sababu ya tahajia. Kwa hiyo anapandisha na kushusha watu kutwa nzima, na wanaume wengine mikono haiwatulii. Baxter ndiye anayevua kofia akiingia kwenye lifti yake. Anampenda. Asichokijua ni kwamba Fran ni nyumba ndogo ya Sheldrake, mkurugenzi wa utumishi, mwanaume anayeahidi kumwacha mkewe na haachi.

Sheldrake akishasikia habari za ule ufunguo, naye anautaka. Anampa Baxter tiketi mbili za mchezo wa muziki wa Broadway, anauchukua ufunguo, na cheo kinakuja. Baxter anamwalika Fran kwa tiketi hizohizo. Anasimama nje ya ukumbi akimsubiri, kumbe Fran yuko kwenye kitanda cha Baxter na Sheldrake.

Ukweli unamfikia kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisini. Amenunua kofia mpya inayofaa cheo chake, anataka aone imemkaaje, na Fran anamwazima kikasha chake cha poda chenye kioo. Kioo kina ufa. Baxter aliwahi kukiokota kikasha hichohicho nyumbani kwake na kumrudishia Sheldrake. Hapigi kelele wala hatoi hotuba. Lemmon anautazama uso wake uliogawanyika kwenye kile kioo, na wewe mtazamaji unajua kila kitu. Wapo waongozaji ambao wangehitaji dakika kumi za maneno kufikisha hilo.

Kuanzia hapo filamu inakuwa nzito, na nakueleza mapema usije ukashtuka. Sheldrake hana zawadi ya Krismasi ya kumpa Fran, anatoa noti ya dola 100. Fran anabaki peke yake kwenye ile nyumba na kumeza dawa za usingizi. Daktari wa jirani anamwokoa kwa kumzaba vibao na kumtembeza chumbani ili asilale. Ni vigumu kutazama. Lakini nadhani Wilder na mwandishi mwenzake, I.A.L. Diamond, walikuwa sahihi kutotuficha, kwa sababu kila mzaha wa ule ufunguo ulikuwa na mtu wa kuulipia. Na kicheko kinarudi taratibu, kwa njia ya haki kabisa. Baxter anampikia mgonjwa wake tambi na kuzichuja maji kwa raketi ya tenisi.

Kasoro ninayoiona ni kwamba wale wanawake wengine wanaoletwa pale na mabosi wamechorwa juujuu, vicheko tu, kana kwamba Fran peke yake ndiye mwenye moyo. Anayenusurika ni Bi Olsen, katibu wa Sheldrake, aliyewahi kuwa mahali alipo Fran. Ana dakika chache tu, na angestahili zaidi.

Ukumbi wa ofisi utauona ukienda mpaka macho yanapoishia, safu kwa safu za meza. Alexandre Trauner, aliyebuni mandhari, aliufanya uonekane hivyo kwa kutumia meza zinazopungua ukubwa kuelekea nyuma na watu wafupi zaidi kwenye viti vya mwisho. Tuzo ya Oscar ya kazi hiyo aliipata kwa haki. Filamu yote ilichukua tuzo tano, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji bora na uandishi. Lemmon na MacLaine waliteuliwa tu, na mimi MacLaine ningempa bila kufikiri mara mbili.

Mwisho siusemi, ila angalia vizuri ufunguo gani Baxter anaurudisha mezani kwa Sheldrake.

Filamu ina urefu wa saa mbili na dakika chache. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza unakisikia vizuri, kwa sababu wanaongea kwa kasi na utani mwingi umo kwenye majibu mafupi. Usiiweke watoto wakiwepo, na kama habari za mtu kutaka kujiua zinakuumiza, iangalie na mtu wako wa karibu. Mimi naipa nyota tano kati ya tano.