PROMPT Flex: Mwanasesere wa Kufundishia Mabega Yaliyokwama

Kifaa hiki cha kufanyia mazoezi ya kumzalisha mtoto aliyekwama mabega ni cha Limbs & Things, kampuni ya Bristol, Uingereza; kina nyonga ya mama na mtoto ambaye mitulinga yake, yaani mifupa ya kati ya bega na kifua, unaihisi kwa vidole. Hapo ndipo thamani yake ilipo, maana mtulinga ndio mfupa unaovunjika zaidi mtoto anapozaliwa kwa shida.

Toleo lenye kihisi cha nguvu linaonyesha mvuto wa mikono kwenye skrini. Ukilipata, lichukue. Wengi hudhani wanavuta taratibu, kumbe sivyo.

Zoezi: kunja mapaja ya mama mpaka tumboni, msaidizi asukume juu ya mfupa wa kinena, si juu ya tumbo la uzazi. Bega likigoma, ingiza mkono upande wa mgongo wa mama, kunja kiwiko cha mtoto, shika kifundo cha mkono, kisha upitishe mkono huo wa mtoto kifuani kwake. Anayeng'ang'ania mkono wa juu ukiwa umenyooka ndiye anayevunja mfupa mrefu wa mkono huo.

Udhaifu: mwanasesere halii wala haachi kuchezesha mkono mmoja, dalili za kuvunjika ambazo mkunga lazima azijue. Hakupi pia ule uvimbe mgumu unaojitokeza juu ya mtulinga baada ya wiki moja hivi, mfupa ukiunga. Hayo yafundishwe pembeni, pamoja na kubana mkono wa shati la mtoto kifuani kwa pini ili mkono uliovunjika utulie.

Kilainishi kiwe kile anachoelekeza mtengenezaji. Bei? Ni ya chuo, si ya zahanati.