Uzoefu wangu na db_default ya Django: chaguo-msingi limefika kwenye hifadhidata

Kwa miaka kadhaa nimetunza mfumo wa ankara za maji ulioandikwa kwa Django (zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python) juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na katika muda wote huo jambo lililonikosesha usingizi kuliko mengine lilikuwa dogo kwa sura: chaguo-msingi, yaani thamani ambayo safu wima ya jedwali hupewa pale ambapo mwandishi wa rekodi hakuitaja. Tangu tulipohama kutoka toleo la 4.2 kwenda 5.2 nimekuwa nikitumia kipengele cha db_default, kinachoweka chaguo-msingi ndani ya hifadhidata yenyewe, na hapa naeleza kilivyotufaa na mahali kilipotutega. Kama ningetakiwa kukipa nyota, ningekipa nne kati ya tano.

Kwanza nieleze tulikotoka, kwa sababu watengenezaji wengi wa programu bado wanaamini nilichokuwa nikiamini mimi. Ukiandika default kwenye modeli ya Django (msimbo unaoeleza jedwali na safu wima zake), unadhani umeweka chaguo-msingi ndani ya jedwali, lakini sivyo. Thamani hiyo hujazwa na Python pale objekti inapoundwa, na hifadhidata haina habari nayo. Unapoongeza safu wima mpya, migresheni (faili la Django linalobadilisha muundo wa jedwali) huweka chaguo-msingi kwa muda tu ili rekodi zilizopo zijazwe, kisha amri inayofuata huliondoa. Ukifungua jedwali hilo kwa psql, programu ya kutoa amri kwa PostgreSQL, utakuta safu wima imekatazwa kuwa tupu, na sehemu ya chaguo-msingi haina kitu.

Kama Django ndiyo mlango pekee wa kuingilia kwenye jedwali, hutaona tatizo. Jedwali letu la malipo lina milango miwili. Mlango wa pili ni skripti iliyoandikwa kwa lugha nyingine, inayopokea taarifa za malipo ya simu na kuziingiza moja kwa moja kwa amri za SQL, lugha ya hifadhidata, bila kupitia Django. Jioni moja tuliongeza safu wima ya chanzo cha malipo, tukaipa default, migresheni ikapita salama na tovuti ikaendelea kufanya kazi vizuri. Skripti, ambayo haikuijua safu wima hiyo, ikaanza kukataliwa kila ilipojaribu kuandika, kwa kuwa hifadhidata iliona inaletewa utupu mahali pasiporuhusiwa utupu. Watu waliolipa maji yao jioni ile waliendelea kuonekana wana deni hadi karibu na usiku wa manane, tulipoweka chaguo-msingi kwa mkono. Rekebisho hilo lilifanya kazi, lakini halikuandikwa popote kwenye modeli, kwa hiyo mtu mpya aliyesoma msimbo wetu hakuwa na njia ya kujua kwamba lipo.

Ombi la kuongeza uwezo huu lilifunguliwa kwenye orodha ya kazi za Django mwaka 2005, kwa namba 470, na likajibiwa katika toleo la 5.0 lililotoka Desemba 2023. Sasa ukiandika db_default, migresheni inaweka chaguo-msingi kwenye jedwali na kuliacha hapo. Kwa safu wima zetu za zamani, PostgreSQL ilibadilisha maelezo ya jedwali tu bila kuzigusa rekodi zilizokuwemo, na kazi ikaisha mara moja. Faida nyingine, ambayo sikuitarajia, imeonekana siku za kupandisha toleo jipya: kwa dakika chache programu ya zamani na mpya huendeshwa pamoja, na ile ya zamani haianguki tena kwa kutoijua safu wima iliyoongezwa.

Nimependa pia kwamba thamani inaweza kuwa kitendakazi cha hifadhidata. Tarehe ya kuingizwa kwa malipo sasa inatoka kwenye Now, ambayo kwa PostgreSQL husoma wakati ambapo amri husika ilianza, na hivyo mlango wa Django na mlango wa skripti inatumia saa ileile. Zamani kila seva ilipiga muhuri kwa saa yake, na tulikuwa na malipo yaliyoonekana kutangulia ankara zake.

Mtego mkubwa uko kabla ya kuhifadhi. Objekti mpya ambayo hukuipa thamani haibebi neno "haijalipwa" ulilolitaja kwenye modeli, bali inabeba objekti ya aina ya DatabaseDefault, yaani ahadi kwamba hifadhidata itajaza baadaye. Tulikuwa na kitendakazi kilichouliza hali ya ankara kabla haijahifadhiwa ili kiamue kama faini inahusika. Jibu likawa "hapana" kila mara, bila kosa lolote kutangazwa, na ni majaribio yetu yaliyotuokoa. Kwa PostgreSQL thamani halisi hurudi pamoja na amri ileile ya kuingiza, hivyo inatosha kuhifadhi kwanza na kuuliza baadaye. Anayetumia MySQL, ambayo haina uwezo huo wa kurudisha, aite refresh_from_db, inayosoma rekodi upya kutoka kwenye hifadhidata, baada ya kuhifadhi.

Jambo la pili ni tofauti kati ya kutotaja na kutaja utupu. Chaguo-msingi la hifadhidata hufanya kazi tu pale safu wima isipotajwa, au inapotajwa kwa neno DEFAULT. Ukiweka None (utupu wa Python) kwa mkono umetaja utupu, na utupu ndio utakaotumwa. Niliwahi kufanya kazi na Hibernate, zana ya Java ya kuunganisha programu na hifadhidata, ambayo isipoelekezwa vingine hutaja safu wima zote na kutuma utupu kwa zile ambazo hazikujazwa, na hapo chaguo-msingi la jedwali hukaa bila kazi hadi utumie DynamicInsert, inayoacha kutaja safu wima zilizo tupu. Katika hili Django imefanya vizuri zaidi.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu db_default hairuhusiwi kurejelea safu wima nyingine. Tarehe ya mwisho ya kulipa kwetu ni siku 30 baada ya tarehe ya ankara, lakini ofisi inaweza kuisogeza kwa mteja mwenye shida. GeneratedField, aina ya safu wima ambayo hifadhidata huikokotoa kutokana na nyingine, iliyokuja katika toleo hilohilo la 5.0, inaweza kuikokotoa, ila haikubali kubadilishwa, kwa hiyo hesabu hiyo imebaki Python na kila anayeandika kwa SQL analazimika kuirudia.

Anayetaka kuongeza safu wima yenye RandomUUID, inayotoa kitambulisho cha nasibu, kwenye jedwali kubwa afanye hivyo usiku. Tangu toleo la 11 PostgreSQL huongeza safu wima yenye thamani isiyobadilika bila kuandika jedwali upya, lakini thamani ya nasibu hutofautiana kwa kila rekodi, kwa hiyo jedwali zima litaandikwa upya likiwa limefungwa.

Mwisho, usiweke default na db_default kwenye safu wima moja kama huna sababu nzito. Zikiwepo zote mbili, Django hufuata default na SQL hufuata nyingine, na siku mtu atakapobadilisha moja pekee, milango miwili itaandika mambo mawili. Sisi tumeziondoa default zote kwenye majedwali yanayoguswa na skripti, na kwa kila moja tumeandika jaribio linaloingiza rekodi kwa SQL tupu, likitaja zile safu wima tu ambazo skripti inazijua, kisha linaisoma rekodi hiyo kupitia Django. Migresheni isiyopita jaribio hilo haipandishwi.