Blenda ya jagi la lita 1.5 kwa salsa ya kijani

Kwa salsa ya kijani, yaani sosi ya Kimeksiko ya kusagwa, ya kuliwa na sato wa kuchoma, blenda hizi za kawaida za madukani Mwanza zinafaa, ila kwa masharti. Meksiko hutumia tomatiyo, tunda la kijani lenye uchachu linalofanana na nyanya ndogo. Huku nyanya mbichi za kijani zinatosha, ukiongeza ndimu.

Chukua nusu kilo ya nyanya, pilipili mbuzi 2, kitunguu kimoja na punje 2 za kitunguu swaumu. Choma vyote juu ya mkaa hadi ngozi ibabuke, kisha viache vipoe kabisa. Vikiingia vya moto, mvuke unasukuma kifuniko na rojo linaruka hadi ukutani. Tia chumvi na ndimu, bonyeza na kuachia mara 6 hadi 8, basi. Ukiiacha izunguke nusu dakika, hewa inaingia na unapata povu lililopauka, kama uji. Giligilani katakata kwa kisu, changanya mwishoni.

Kero kubwa ni mpira ulio chini ya visu: unashika ukali wa pilipili, na juisi ya parachichi ya kesho yake inawasha. Ufungue, uoshe peke yake. Wageni wakiwa watano tu, kinu bado kinaishinda blenda.